Herufi Nne Zisizofutwa

Katika Biblia ya Kiebrania, ambayo kwa Wakristo ni Agano la Kale, jina la pekee la Mungu huandikwa kwa herufi nne, yod, he, vav na he, nalo limerudiwa humo zaidi ya mara 6,800. Hata hivyo Myahudi mshika dini anayeyasoma maandiko hayo kwa sauti halitamki hata mara moja. Macho yake huona herufi nne, ulimi wake husema Adonai, yaani Bwana, na akiwa nje ya ibada hata neno hilo huliacha, akasema Hashem, yaani Jina, pasipo kueleza ni jina gani, kwa maana kila asikiaye anajua.

Ukimya huu haukuwako tangu mwanzo. Hekalu la Yerusalemu lilipokuwa lingali limesimama, makuhani walilitaja Jina walipowabariki watu, na Kuhani Mkuu alilitamka katika Siku ya Upatanisho, mara 10 kwa mapokeo ya marabi, huku umati uliojaa uani ukisujudu kila ulipolisikia. Warumi walipoliteketeza Hekalu mwaka 70, mahali pa kulitamkia palitoweka, na matamshi yenyewe yakapotea, kwa kuwa maandishi ya Kiebrania ya zama hizo yalikuwa na konsonanti bila alama za irabu. Karne kadhaa baadaye, wataalamu wa maandiko wa mji wa Tiberia walipobuni alama hizo, waliziwekea herufi nne irabu za neno lile mbadala ili kumkumbusha msomaji la kusema. Wasomi wa Kikristo wa Ulaya waliosoma herufi na alama hizo kwa pamoja ndio waliopata Yehova.

Msomaji wa Kiswahili amekwisha kukutana na desturi hii, pengine bila kuitambua. Biblia ya Union ya mwaka 1952 huandika BWANA kwa herufi kubwa penye herufi nne, na Yehova ikabaki mahali pachache tu, kama katika jina Yehova-yire. Biblia Habari Njema imechagua Mwenyezi-Mungu. Mwaka 2008 Vatikani nayo iliagiza kwamba jina Yahwe, namna nyingine ya kuzisoma herufi hizo nne, lisitamkwe wala kuimbwa katika liturujia ya Kikatoliki. Wala mzizi wa heshima hii si mgeni kwa Waafrika Mashariki: Maimonides, mwanasheria mkubwa wa Kiyahudi wa karne ya 12, aliandika kwamba mtoto asimwite baba yake kwa jina, awe hai au amekufa, na jamii ambayo wazazi wake ni Baba Fulani na Mama Fulani haihitaji kufafanuliwa hilo.

Ukimya wa kinywa, hata hivyo, ni nusu tu ya habari, na pengine si nusu iliyo nzito zaidi, kwa sababu sheria kali kuliko zote zimewekwa mkononi mwa anayeandika. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, katika sura ya 12, kinawaamuru Waisraeli wayafutilie mbali majina ya miungu ya mataifa, kisha kinawaonya wasimtendee hivyo Mungu wao. Kutokana na onyo hilo marabi walihukumu kwamba Jina likishaandikwa halifutwi.

Uzito wa hukumu hiyo huonekana mezani pa sofer, yaani mwandishi wa magombo, anayenakili Torati yenye herufi 304,805 juu ya ngozi ya mnyama aliye halali kuliwa. Kila afikapo kwenye Jina husita, hutamka kwamba analiandika kwa ajili ya utakatifu wake, ndipo huendelea. Hachovyi kalamu akaanza nalo papo hapo, kwa kuchelea tone la wino, bali huchovya mapema, akatangulia kuandika angalau herufi moja ya neno lililo kabla yake. Akiwa katikati ya herufi zile nne hakatizwi. Hata mfalme akimsalimu, hamwitikii. Kosa katika neno la kawaida hukwanguliwa wino ukishakauka, lakini kosa katika Jina halikwanguliwi: kipande kizima cha ngozi, pamoja na safu zote za maandishi yaliyo sahihi, huondolewa na kuwekwa akiba ili kizikwe, na kingine huandikwa na kushonwa kwa kano mahali pake.

Sheria imeingia hadi ndani ya sarufi. Kiebrania, kama Kiswahili, hubandika viambishi, hivi kwamba "kwa" huja mwanzoni mwa neno na "wako" mwishoni. Kiambishi kilichotangulia jina la Mungu huweza kufutwa, lakini kilichofuata hakifutwi, kwa kuwa Jina limekwisha kukitakasa. Ni vigumu kufikiri juu ya heshima iliyopimwa kwa makini zaidi ya hapo. Kwa roho hiyo hiyo, Wayahudi wanaohesabu kwa herufi huandika 15 kama tisa na sita, wala si kumi na tano, kwa sababu herufi za kumi na tano zikiungana hutoa ufupisho wa Jina.

Maandishi yaliyochakaa yenye jina la Mungu hayachomwi wala hayatupwi. Huwekwa katika geniza, yaani chumba cha akiba, hadi yazikwe makaburini. Katika sinagogi la Ben Ezra huko Fustat, Cairo ya Kale, chumba cha namna hiyo kilijazwa kwa karne nyingi bila kumwagwa, mpaka msomi Solomon Schechter alipofika mwishoni mwa mwaka 1896 na kuhamishia Cambridge vipande vipatavyo 193,000. Humo hamkuwa na sala peke yake. Mlikuwa na hati za ndoa, orodha za vyombo vya bibi harusi, mashauri ya mahakama na barua za biashara, kwa sababu mfanyabiashara naye alianza barua kwa kumtaja Mungu, na watu hawakuthubutu kuitupa karatasi yenye herufi za lugha takatifu. Miongoni mwa hati hizo zimo barua za karne ya 12 za Abraham Ben Yiju, aliyekuwa na karakana ya shaba nyeupe na nyekundu katika pwani ya Malabar, India, na kuandikiana na washirika wake wa Aden juu ya pilipili, chuma na shehena zilizozama katika bahari ile ile inayopiga Lamu na Kilwa.