Sura ya Saba: Kifafa Hakifungi Kizazi

Binti mwenye kifafa akifikia umri wa kuposwa, maneno hayakosi. Huyu anasema hatashika mimba. Yule anasema aolewe upesi, maana akizaa tu kifafa kitakoma. Wakati mwingine kauli zote mbili hutoka kwa mganga mmoja, kwa ada mbili.

Ya kwanza ilipimwa Marekani. Watafiti waliwafuatilia wanawake 89 wenye kifafa na 108 wasio nacho, wote wakitafuta mtoto, na hakuna aliyejulikana kuwa na tatizo la uzazi. Matokeo yalichapishwa 2018: ndani ya miezi 12, asilimia 60.7 ya wenye kifafa walishika mimba. Wenzao, asilimia 60.2. Kizazi kimefungwa wapi?

Ya pili ni hatari zaidi, kwa kuwa humfanya mtu atupe vidonge, na kifafa cha mfululizo kinaweza kuua mama na mtoto. Dawa haiachwi, hubadilishwa na daktari kabla ya mimba. Dawa ya valproeti huhusishwa na kasoro kubwa za maumbile kwa takriban watoto 10 kati ya 100. Lamotrijini, karibu 3.

Mpango ulikuwa kuzungumzia kushika mimba, kuibeba na kujifungua kwa usawa, lakini lamotrijini haikubali kupitwa haraka. Ini huiunganisha na asidi ya sukari ili itoke kwa mkojo, na estrojeni huharakisha kazi hiyo. Mimba ikikua, dawa iliyomo katika damu inaweza kupungua kwa zaidi ya nusu, ingawa mama hajaruka hata kidonge kimoja. Akianguka, husemwa mizimu imerudi.

Kwenye upandikizaji mimba mambo huanza mapema zaidi. Sindano hukomaza mayai mengi kwa pamoja, na estrojeni hupanda mara kadhaa katika siku chache, kabla hata ya mimba kuwepo. Kwa hiyo kiwango cha dawa kipimwe kabla ya sindano ya kwanza, kisha kipimwe tena zikiendelea, na dozi iongezwe inapobidi.

Baada ya kujifungua, estrojeni huporomoka. Dozi iliyoongezwa isipopunguzwa katika wiki za mwanzo, mzazi huyumba na kuona vitu viwiliviwili, na majirani huanza kumtafuta aliyemroga. Kujifungua kwenyewe hakuhitaji kurasa nyingi: wengi huzaa kwa njia ya kawaida, na wanaotumia lamotrijini hunyonyesha.