Kutoka "Mwandishi" hadi Jazi Huru: Santuri Chache kwa Mwanafunzi wa Ushairi

Ukimtajia Mkenya wa rika la wazazi wetu neno jazi, aghalabu fikra zake zitamwendea Franco na OK Jazz yake, au Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz. Hana kosa. Katika Afrika Mashariki na Kongo neno hilo lilibandikwa kwenye majina ya bendi za rumba na dansi hata likawa na maana ya bendi yoyote yenye magitaa na tarumbeta. Jazi inayokusudiwa katika makala haya ni ile ya Wamarekani Weusi, na hasa sehemu yake ambayo wengi huikimbia, yaani ile iliyorekodiwa baina ya miaka ya 1959 na 1973. Nitazitaja santuri ambazo ningependa mwanafunzi wa Kiswahili azisikilize na kueleza sababu zangu. Sitazipanga kwa tarehe. Nitafuata njia niliyoipitia mwenyewe, maadamu naamini kwamba anayeanzia mwisho wa njia hiyo atazima mashine kabla ya dakika ya tano.

Jina lililonivuta

Njia yangu ilianza kwa kosa. Nikiwa katika mwaka wa pili wa shahada ya kwanza, niliona katika kibanda cha mitumba jijini Nairobi diski iliyoandikwa Mwandishi. Nilidhani ni usomaji wa hadithi, au mahojiano na mmoja wa watunzi wetu, nikailipia bila kuuliza. Usiku ule chumbani hakukusikika hadithi wala mahojiano. Besi ilianza kurudia kifungu kile kile kifupi, kinanda cha umeme kikaingia kwa kusitasita, na mwenzangu wa chumbani akauliza kama diski ilikuwa imekwaruzwa.

Mwandishi ni santuri ya mpiga piano Herbie Hancock, iliyotolewa mwaka wa 1971. Hilo ndilo jina la Kiswahili alilokuwa amepewa na kijana James Mtume, mpiga ngoma aliyekuwa mfuasi wa harakati za Maulana Karenga huko California. Hao ndio walioasisi sikukuu ya Kwanzaa mwaka wa 1966 na kukichagua Kiswahili kiwe lugha ya kujirejeshea Uafrika. Kabla ya Mwandishi, Mtume na Hancock walikuwa wameshirikiana katika santuri ya Albert Heath iitwayo Kawaida, iliyorekodiwa mwaka wa 1969. Wenzake Hancock katika bendi nao walijitwalia majina. Mpiga besi Buster Williams aliitwa Mchezaji. Mpiga ngoma Billy Hart akawa Jabali. Mpiga tarumbeta Eddie Henderson akawa Mganga, na jina hilo lilimfaa kweli kwa kuwa alikuwa daktari aliyehitimu. Bennie Maupin aliitwa Mwile, neno ambalo msomaji atashuku kuwa ni mwili uliobadilika irabu safarini. Julian Priester naye akawa Pepo Mtoto. Mtu wa Pwani atatabasamu, kwa sababu kwake yeye pepo ni kitu cha kupungwa, hakiitishwi jukwaani. Mpiga ngoma mwingine aliyeshiriki, Leon Chancler, alijulikana maisha yake yote kwa jina la Ndugu. Ngoma zinazosikika katika "Billie Jean" ya Michael Jackson ni zake, kwa hiyo huenda msomaji amekwisha kumsikia Ndugu mara mia bila kujua.

Wimbo wa kwanza wa santuri hiyo ulitungwa kwa heshima ya Angela Davis, aliyekuwa kizuizini wakati huo. Mwanafunzi wa arudhi na ahesabu mapigo yake. Kila mzunguko una mapigo 15. Sikio lililolelewa kwa shairi la mizani 16 litahisi kwamba kuna silabi iliyodondoka mwishoni mwa kila mshororo, na kwamba mshororo unaofuata umeanza kabla ya pumzi kurudi. Ni upungufu wa makusudi, nao ndio unaousukuma wimbo mbele kwa dakika 13. Nilipoligundua hilo, baada ya majuma kadhaa ya kusikiliza, ndipo nilipoacha kuona kwamba nimepunjwa fedha zangu.

Muziki wa aina hii huitwa fyusheni, yaani jazi iliyochanganywa na roki, muziki wa soul na vyombo vya umeme. Santuri iliyoufungua mlango wake kwa kishindo ni ya mpiga tarumbeta Miles Davis, Bitches Brew, iliyorekodiwa mjini New York kwa siku tatu za Agosti 1969 na kutolewa mwaka uliofuata. Jina lake sitalifasiri hapa. Kinachonivutia katika santuri hiyo ni uhariri: wanamuziki walipiga kwa muda mrefu bila mwongozo mwingi, kisha mtayarishaji Teo Macero akaikata mikanda kwa wembe na kuiunganisha upya. Kazi tunayoisikia ilitungwa mara mbili, kwanza kwa mikono ya wapigaji na pili kwa wembe. Anayechunguza jinsi fasihi simulizi inavyobadilika inapoandikwa atapata humo mfano wa kumfikirisha.

Kwa anayetaka kuchezesha mguu, ipo Head Hunters ya Hancock huyo huyo, ya mwaka wa 1973. Bendi ya Mwandishi ilikuwa imevunjika kwa ukosefu wa fedha. Hii mpya ilimpa umaarufu, na hatimaye nakala zaidi ya milioni moja ziliuzwa. Mwanzoni mwa "Watermelon Man" utasikia mtu akipuliza chupa ya bia huku akipaza sauti kwa zamu. Ni mwigo wa filimbi za Wambilikimo wa Afrika ya Kati.

Uhuru kabla ya uhuru

Fyusheni haikuwa ya kwanza kukitumia Kiswahili. Mnamo Novemba 1960 mpiga piano Randy Weston alikusanya bendi kubwa mjini New York kurekodi Uhuru Afrika, kazi ya sehemu nne iliyopangiwa vyombo na Melba Liston. Ulikuwa mwaka ambao nchi 17 za Afrika zilijipatia uhuru. Weston alitaka lugha moja ya kuliwakilisha bara zima, na lugha iliyochaguliwa ikawa Kiswahili. Langston Hughes aliandika shairi la utangulizi, likatafsiriwa, na anayelisoma katika santuri ni Tuntemeke Sanga, Mtanganyika aliyekuwa mjini humo katika shughuli za Umoja wa Mataifa. Majina ya sehemu zake yanastahili kutajwa: "Uhuru Kwanza", "African Lady", "Bantu" na "Kucheza Blues".

Sauti ya Sanga ndiyo ninayoirudia zaidi katika santuri zote nilizo nazo. Tanganyika ilikuwa bado haijapata uhuru wake, uliopatikana Desemba 1961, na Kenya ilikuwa na miaka mitatu zaidi ya kusubiri. Hapo studioni, kati ya ngoma za Olatunji, Max Roach na Candido, neno uhuru linatamkwa kwa Kiswahili sanifu kisichoharakishwa. Serikali ya Afrika Kusini iliipiga marufuku santuri hiyo mwaka wa 1964. Tunafundishwa historia ya kuenea kwa Kiswahili kupitia misafara, wamishonari, majeshi na shule. Sijaona kitabu cha kozi kinachoitaja kazi ile ya studioni pale New York, nami naona hilo ni pengo.

Katika mkondo huo huo, Februari 1964, miezi miwili tu baada ya bendera yetu kupandishwa, mpiga tarumbeta Lee Morgan alirekodi wimbo uitwao "Mr. Kenyatta". Umo katika santuri yake Search for the New Land, na ni wa kusikilizwa kwa raha bila maandalizi yoyote.

Saksafoni iliyosoma shairi

Sasa nafika kwa santuri ambayo, lau ningeruhusiwa kuitaja moja tu, ingekuwa ndiyo. Mnamo Desemba 1964 John Coltrane na wenzake watatu walirekodi A Love Supreme kwa kikao kimoja. Ina sehemu nne. Katika ya kwanza kuna kifungu cha noti nne ambacho besi hukianzisha, saksafoni ikakizungusha katika ngazi mbalimbali, kisha sauti za watu zikakighani kama kiitikio. Lakini mwanafasihi na aende moja kwa moja katika sehemu ya nne, "Psalm". Coltrane alikuwa ametunga shairi la kumshukuru Mungu, likachapishwa ndani ya jalada la santuri. Katika sehemu hiyo analisoma shairi lake kwa saksafoni, silabi kwa silabi, pasipo neno hata moja kutamkwa. Mtaalamu wa muziki Lewis Porter alilinganisha noti na maneno na kulithibitisha jambo hilo.

Nilifanya jaribio hilo mwenyewe: jalada mkononi, kidole kwenye mshororo, saksafoni masikioni. Mara ya kwanza nilipotea. Mara ya tatu nikaanza kuona mahali anapovuta pumzi, anapoipandisha sauti kwa neno la sifa na kuituliza mwishoni mwa ubeti. Shairi hilo halina vina vya kati wala mizani inayolingana, na bado linaghanika. Maneno yameondolewa, kilichobaki ni kiimbo, vituo na marudio, na msikilizaji bado anatambua kwamba anasomewa shairi. Aliyewahi kusikiliza utenzi ukighaniwa kutoka chumba cha pili, asiweze kuyashika maneno, atanielewa.

Jazi huru na ule mjadala wetu

Lazima nikiri kilichonisukuma kuandika. Katika semina moja ya ushairi niliwahi kupewa jukumu la kutetea mashairi huru, nikashindwa mbele ya darasa zima. Mpinzani wangu alisema kwamba kazi isiyo na kanuni haiwezi kufundishwa wala kukosolewa, kwa hiyo shairi huru ni nathari iliyokatwakatwa. Nilijibu kwa kumtaja Kezilahabi na Kichomi yake ya mwaka wa 1974, kana kwamba kulitaja jina ni hoja. Jibu nililolihitaji nililipata baadaye, kwa Ornette Coleman.

Ili kumwelewa Coleman ni sharti kwanza kuelewa alichokiacha. Jazi ya kawaida ina ubeti. Wimbo wa bluzi huwa na hatua 12, na nyimbo nyingi nyingine zina hatua 32. Kila hatua ina sauti zake zinazopigwa pamoja na piano, na mpangilio huo hurudi duara baada ya duara. Mpiga saksafoni hubuni lahani yake papo kwa papo, lakini lazima kila noti iafikiane na mahali alipo katika duara, jinsi malenga katika majibizano anavyoweza kusema atakalo mradi kina na mizani vimkubalie. Hiyo ndiyo arudhi ya jazi.

Coleman aliliacha duara. Katika The Shape of Jazz to Come ya mwaka wa 1959 hakuna piano kabisa. Wapo yeye na saksafoni yake, Don Cherry na tarumbeta, Charlie Haden na besi, na Billy Higgins na ngoma. Anzia na "Lonely Woman". Ngoma zinakwenda mbio, besi inatembea taratibu, na juu yake pembe mbili zinaomboleza pamoja bila kufungwa na mwendo wa yeyote kati ya hao. Alipoupiga muziki huu mjini New York mwishoni mwa mwaka huo, wakongwe waligawanyika. Wapo waliomwita mwenye kipawa, na wapo waliodai kwamba hajui kupiga. Msomaji anayezijua hoja za wanamapokeo wetu hatahitaji kusimuliwa zaidi.

Santuri yake Free Jazz, iliyorekodiwa Desemba 1960, ndiyo iliyoupa mtindo huu jina. Vikundi viwili vya watu wanne wanne vinapiga kwa wakati mmoja kwa takriban dakika 37, kimoja katika spika ya kushoto na kingine katika ya kulia. Usikivu wa kwanza utakuambia ni soko la Gikomba siku ya Jumamosi. Usikilizaji wa pili utakuonyesha kwamba kila mmoja anapewa zamu ya kuongoza, wengine wakimjibu, na kwamba kati ya zamu na zamu kuna vifungu vilivyoandikwa kabla ambavyo vyote hukutana hapo. Kanuni zipo. Tofauti ni kwamba haziwezi kujulikana kabla ya kazi kuanza, ni lazima zitafutwe ndani ya kazi yenyewe. Na kwa sababu hiyo hiyo mpigaji anaweza kukosea: anayepiga bila kumsikiliza mwenzake husikika mara moja. Hapo ndipo ningemjibu yule mwenzangu wa semina. Kazi ambayo ndani yake mtu anaweza kukosea inaweza pia kufundishwa na kukosolewa.

Ascension ya Coltrane, ya mwaka wa 1965, yenye wanamuziki 11, siwezi kujidai kwamba naipenda. Muundo wake ni wazi kuliko wa Free Jazz, yaani kundi zima, kisha mtu mmoja, kisha kundi tena mithili ya kibwagizo, lakini uzito wa sauti zake hunichosha, na nimeimaliza mara mbili tu. Namshauri anayeanza atangulie na Spiritual Unity ya Albert Ayler, iliyorekodiwa mwaka wa 1964. Ni watu watatu na nusu saa pekee. Lahani ya "Ghosts" ni nyepesi kiasi cha kuimbwa na watoto wa chekechea. Ayler anaipiga ilivyo, kisha anaichana vipande hadi saksafoni ilie, halafu anairudisha nzima. Imo mara mbili katika santuri hiyo hiyo, kwa hiyo waweza kulinganisha matoleo kama tunavyolinganisha miswada miwili ya utenzi mmoja.

Yule mwenzangu wa chumbani sasa ni mwalimu wa Kiswahili. Mwaka jana aliniomba nimwazime Mwandishi, na hadi leo hajairudisha.