Disketi iliyosahauliwa ilivyotikisa seva za dunia

Mfanyabiashara anayevuka mpaka na mzigo wake, au aliyerejea nyumbani akisubiri fedha kutoka kwa ndugu, akiambiwa na wakala “mtandao hakuna”, aghalabu huilaumu minara ya simu. Mara nyingine kosa liko mbali zaidi, ndani ya kompyuta asizozijua.

Kampuni nyingi siku hizi hazinunui seva. Hupanga sehemu ya seva kubwa, ambayo programu maalumu imeigawa kuwa kompyuta nyingi za kuigiza. Ni kama nyumba ya vyumba vya kupanga: kila mpangaji ana mlango wake, jirani hamjui, na wote wanategemea kuta.

Mei 13, 2015 ilibainika kuwa kuta hizo zina ufa. Mtafiti Jason Geffner wa kampuni ya CrowdStrike ya Marekani alitangaza kasoro iliyopewa jina VENOM, yaani sumu ya nyoka, katika QEMU, programu inayotumiwa na mifumo ya KVM na Xen. Chanzo chake kinachekesha: ni sehemu inayoigiza kiendeshi cha disketi, kitu ambacho vijana wengi wa leo hawajapata kukigusa!

Sehemu hiyo ilikuwa na hifadhi ya baiti 512 ya kupokea amri. Kwa amri mbili hesabu haikurudishwa mwanzo mara moja, hivyo aliyezidi kumimina data aliifurisha hifadhi hadi kwenye kumbukumbu isiyo yake. Matokeo mepesi ni mashine kuzimika na huduma kukatika. Mabaya zaidi ni mpangaji kupenya ukuta na kuingia kwa majirani. Ni kweli alihitaji kwanza mamlaka ya msimamizi ndani ya mashine yake, lakini aliyepanga mashine ndiye msimamizi wake tayari.

Kasoro ilikuwamo tangu 2004. Hata aliyeiondoa disketi kwenye mipangilio hakupona.

VMware na Hyper-V hazikuguswa, na CrowdStrike ilisema haikujua shambulio lolote lililokwisha kufanyika. Marekebisho yalitoka upesi, ila kuyaweka tu hakukutosha: kila mashine ilibidi izimwe kabisa na kuwashwa tena, au ihamishiwe seva iliyokwisha kurekebishwa. Baadhi ya wateja wakakatiwa huduma ili wasije wakakatiwa na wahalifu.

Mwenye kuweka daftari la wadeni wake kwenye kompyuta ya kupanga amwulize anayempangisha: marekebisho yakitoka, mashine yangu huzimwa lini, na nani hunijulisha?