Mgonjwa wa Kiharusi Anapoacha Nusu ya Sahani: Namna Familia za Bonde la Kilombero Zinavyoweza Kumsaidia Nyumbani

IFAKARA, MOROGORO – Familia inayomtunza mgonjwa aliyeruhusiwa kutoka hospitali baada ya kupata kiharusi huweza kukutana na jambo ambalo haikulitarajia. Mgonjwa anakula wali wa upande wa kulia wa sahani, anauacha wa kushoto ukipoa, kisha analalamika kuwa amepunjwa. Akiitwa na mtu aliyeketi kushoto kwake, anageuka kulia kumtafuta. Ananyoa ndevu za shavu moja. Anaingiza mkono mmoja kwenye shati na kujiona amemaliza kuvaa. Nyumbani hali hiyo hutafsiriwa haraka kuwa ni ukaidi, utoto wa uzeeni au, inapozidi, mkono wa mtu.

Hali hiyo inafahamika vyema katika tiba. Ni kutotambua upande mmoja, nayo ni matokeo ya jeraha la ubongo lenyewe. Nusu ya kulia ya ubongo ndiyo hubeba sehemu kubwa ya kazi ya kuzingatia mazingira, na husimamia pande zote mbili. Nusu ya kushoto husimamia zaidi upande wa kulia. Kiharusi kikiharibu nusu ya kushoto, ile ya kulia hufidia kwa kiasi. Kikiharibu ya kulia, upande wa kushoto hukosa msimamizi. Ndiyo maana tatizo hili huonekana zaidi, na kwa ukali zaidi, kwa watu waliopooza mkono na mguu wa kushoto.

Macho yanaweza kuwa mazima kabisa. Mwaka 1978 watafiti wawili wa Italia, Edoardo Bisiach na Claudio Luzzatti, waliwaomba wagonjwa wa aina hii wataje kwa kumbukumbu majengo ya uwanja mkuu wa kanisa la mji wa Milan, wakijifikiria wamesimama upande mmoja wa uwanja. Walitaja ya kulia na kuyaacha mengi ya kushoto. Walipoombwa wajifikirie wamesimama upande wa pili, wakayataja yale waliyoyaacha na kuyasahau waliyoyataja mwanzo. Kumkaripia mgonjwa kwa maneno kama "huoni?" hakumsaidii kitu, kwa kuwa anayepoteza uwezo wa kuona upande mmoja kwa sababu ya macho hujua kuna kitu kinakosekana na hugeuza kichwa kukitafuta. Huyu hajui kuwa kuna upande wa kutafutwa.

Kiharusi si ugonjwa wa wachache nchini. Utafiti uliofanyika kati ya mwaka 2003 na 2006 katika Wilaya ya Hai na Jiji la Dar es Salaam ulikadiria wagonjwa wapya 108.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka upande wa Hai, na 315.9 upande wa Dar es Salaam, baada ya kuzingatia tofauti za umri. Ufuatiliaji wa vifo wa miaka ya 1990, uliohusisha pia Morogoro Vijijini, ulikuwa umekwisha kuonesha kuwa viwango vya vifo vya kiharusi katika maeneo hayo vilizidi vya Uingereza na Wales. Chanzo kikubwa, shinikizo la juu la damu, hupimwa kwa dakika chache.

Kwa wakazi wa Bonde la Kilombero, rufaa ya karibu ni Hospitali ya Mtakatifu Fransisko mjini Ifakara. Tangu Daraja la Magufuli lenye urefu wa mita 384 lilipozinduliwa mwaka 2018, wagonjwa wa Ulanga na Malinyi hawasubiri tena kivuko ili kuvuka Mto Kilombero. Hata hivyo, saa za mgonjwa mbele ya mtaalamu wa fiziotherapia ni chache kuliko saa anazokaa barazani kwake. Nafuu kubwa huja katika wiki na miezi ya mwanzo, na sehemu kubwa ya muda huo hupita mikononi mwa familia.

Jambo la kwanza ni kutenganisha usalama na mazoezi. Vitu ambavyo mgonjwa hawezi kuvikosa, yaani maji ya kunywa, simu, fimbo na kitu cha kugonga anapohitaji msaada, viwekwe kulia, upande anaoutambua. Vitu vya kumvutia viwekwe kushoto: redio, mlango wanakoingilia wajukuu, kiti cha mgeni. Katika siku za mwanzo anayekuja kuzungumza naye aanzie mbele au kulia, asimshtue. Kadiri anavyoimarika, asogee kidogo kidogo kuelekea kushoto huku akiendelea kuzungumza, ili sauti imvute mgonjwa kugeuza kichwa. Kumweka mgonjwa ukutani, upande wa kushoto ukitazama udongo mtupu siku nzima, ni kumnyima sababu ya kugeuka.

Zoezi la msingi ni kumfundisha kutafuta ukomo wa kushoto kabla ya kuanza kazi yoyote. Kitambaa chekundu, au kipande cha kanga yenye rangi kali, hufungwa au kulazwa kwenye ukingo wa kushoto wa meza, mkeka au sinia. Mgonjwa haambiwi "angalia kushoto" tu, kwa kuwa kushoto kwake huenda kunaishia katikati. Anaambiwa: "Tafuta kitambaa chekundu, kisha uanze hapo." Kwa anayesoma, mstari mwekundu huchorwa pambizo ya kushoto ya ukurasa, naye haanzi mstari mpya hadi auone. Maneno yawe yaleyale kila siku na kwa kila mwanafamilia.

Bonde linalolima mpunga lina chombo kinachofaa sana kwa zoezi hili, nacho ni ungo. Mchele ukitandazwa juu yake, mgonjwa akapewa kazi ya kuchagua mawe na chenga, nusu ya kulia itatoka safi na ya kushoto itabaki kama ilivyokuwa. Hapo kosa linaonekana kwa macho, bila ubishi. Asigeuziwe ungo mara moja. Aongozwe kwanza hadi kwenye kitambaa, mkono wake wa kushoto ukiwa umeshika ukingo wa ungo hata kama hauna nguvu, kisha achague kuelekea kulia. Ni kazi anayoijua, yenye faida jikoni, na haimfanyi ajione mtoto wa shule. Bao nalo lafaa kwa aliyekuwa mchezaji: mashimo manane kwa kila safu yanamlazimu afike hadi mwisho, na mpinzani hatakosa kumkumbusha kete alizoziacha.

Wakati wa chakula, sahani inaweza kugeuzwa ili ale na kushiba, lakini baada ya kumpa nafasi ya kutafuta mwenyewe. Mtunzaji akague pia shavu la kushoto baada ya kula. Chakula hubaki humo bila mgonjwa kujua, na akilala nacho kinaweza kumpalia. Ale akiwa ameketi wima. Akikohoa kila anapokunywa, familia isimlazimishe. Apelekwe kwa mtaalamu.

Mkono uliosahaulika huumia kimyakimya. Hubanwa na mlango, huingia kwenye gurudumu la kiti, hulaliwa usiku kucha, hugusa sufuria ya moto bila mwenyewe kuuondoa. Uwekwe mezani au mapajani, mbele ya macho yake, na aoshwe na kupakwa mafuta huku akiushika kwa mkono wa kulia na kuutaja. Kama kuna vidole vinavyocheza hata kidogo, avichezeshe upande huohuo wa kushoto mara nyingi kwa siku, kwa sababu kuutumia mkono huo husaidia kuamsha uzingativu wa upande wake. Katika kuvaa, mkono wa kushoto huanza. Asivutwe kwa mkono huo anapoinuliwa, kwani bega lililolegea huteguka kwa urahisi. Usiku chandarua kikaguliwe upande wa kushoto, hasa katika bonde lenye malaria: mwili ulioegemea neti, au mkono uliotokeza nje, ni mlo wa mbu na mwenyewe hatakwambia.

Wapo wagonjwa wanaokana kuwa wamepooza, na wachache husema mkono ule si wao, ni wa mtu mwingine aliyelala nao kitandani. Kauli hizi ndizo huipeleka familia kwa mganga, na fedha na wiki za thamani huishia huko. Ni dalili za jeraha lilelile. Kubishana naye hakufai. Aelezwe kwa utulivu, aoneshwe mkono umeungana na bega lake, kisha kazi iendelee.

Barabara ndiyo hatari ambayo familia huichukulia kirahisi. Kwa kuwa magari nchini hupita kushoto, anayevuka hukutana kwanza na chombo kinachotoka kulia kwake, ambacho mgonjwa huyu anakiona na kukipisha. Akifika katikati ya barabara, bodaboda na magari humjia kutoka kushoto, upande ambao kwake haupo. Asindikizwe na mtu anayetembea kushoto kwake. Baiskeli, ambayo kwa mkazi wa Ifakara ni kama miguu, isubiri hadi mtaalamu aridhike, hata kama nguvu za mguu zimerudi, maana mwendesha baiskeli hukaa ukingo wa kushoto na mtaro uko hapo. Jiko la mkaa na mafiga pia vikae kulia kwake, naye asiachwe navyo peke yake.

Mtunzaji naye huchoka. Kumkumbusha mtu jambo lilelile mara hamsini kwa siku kunahitaji zamu, na zamu hiyo isiwe ya binti mmoja wa nyumba. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza kuombwa aoneshe mazoezi kwa wanafamilia wote kwa pamoja na kufuatilia vipimo vya shinikizo la damu. Dawa zisikatishwe kwa sababu mgonjwa "anajisikia vizuri", kwani kiharusi cha pili mara nyingi huja baada ya hapo. Uso ukipinda upande, mkono ukiishiwa nguvu ghafla au maneno yakivurugika, mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyohiyo, hata kama dalili zimepotea njiani. Ushauri wa afya hutolewa pia bila malipo kupitia namba 199 ya Wizara ya Afya.