Nyongeza Isiyo ya Bure: Istilahi za Biashara ya Michezo ya Video

Miongoni mwa dhana zinazotufikia kabla ya istilahi zake ni zile za biashara ya michezo ya video. Mtu aweza kudhani kuwa hayo ni mambo ya watoto, yasiyostahili kalamu ya mwanaistilahi. Lakini penye bei pana mapatano, na mapatano yasiyo na maneno bayana humwumiza mnunuzi. Makala haya yanakusudia kuchambua baadhi ya dhana hizo na kupendekeza istilahi zake.

Tuchukue mfano wa Tunduma, mji wa mpakani mkoani Songwe. Humo, kama katika miji mingine nchini, vijana hulipa vibandani ili wacheze gemu za kandanda na za mapigano. Tuseme mwenye kibanda amenunua diski mpya. Anapoiwasha anakuta baadhi ya wapiganaji wamefungwa, naye anatakiwa alipe tena, kwa njia ya intaneti, ili wafunguliwe. Manung'uniko yake yana msingi. Lakini akitaka kuyaandika katika barua ya malalamiko, atakosa neno la kukitaja kile alichouziwa.

(a) Nyongeza ya kulipia. Neno linalomjia mfasiri kwanza ni "nyongeza". Sokoni, nyongeza ni konzi ya karanga au nyanya mbili ambazo muuzaji humtilia mnunuzi bure baada ya kipimo kutimia. Ng'ambo ya mpaka, kwa Wazambia, huitwa "mbasela". Asili yake ni hisani. Katika gemu mambo ni kinyume. Mwezi Aprili 2006 kampuni ya Bethesda iliuza deraya ya farasi wa gemu ya The Elder Scrolls IV: Oblivion kwa dola 2.50. Wachezaji walilalamika, lakini desturi hiyo ilienea. Yafaa basi kusema "nyongeza ya kulipia". "Maudhui ya kupakuliwa" hutaja njia ambayo kitu hupitia tu, wala hayasemi ni kitu gani.

(b) Sehemu iliyofungwa. Mwaka 2012 ilibainika kwamba diski ya Street Fighter X Tekken, gemu ya kampuni ya Capcom, ilikuwa tayari na wahusika 12 waliofungwa hadi mnunuzi alipe zaidi. Hapo hapakuongezwa kitu. Kilichouzwa ni ufunguo. Kuiita hali hiyo "nyongeza" ni kosa la istilahi linalomfaidia muuzaji peke yake.

(c) Toleo la msingi na toleo lenye nyongeza. Katika uchapaji tumezoea "toleo la pili" au "toleo lililosahihishwa", maneno yanayoeleza tofauti iliyopo. Wauza gemu hupendelea sifa: la dhahabu, la fahari, maalumu, kamili. Neno "kamili" ndilo lenye hatari zaidi. Ikiwa toleo la bei kubwa ni kamili, lile la bei ndogo ni pungufu, ila hakuna anayeliandika hivyo. Sifa hizo na zibaki kuwa majina ya kibiashara. Katika mikataba na maelezo rasmi tutumie istilahi zinazotaja kilichomo.

(d) Kununua na kupata leseni. Huko California, Marekani, sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2025 inamzuia muuzaji wa bidhaa za kidijiti kutumia neno "nunua" pale ambapo mteja anapata leseni ya kutumia tu, isipokuwa kama mteja ameelezwa hivyo waziwazi. Watunga sheria hao wametambua kuwa neno moja laweza kupotosha. Nchini Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara, na mwaka 2021 sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria. Mtumishi atakayepokea barua ya yule mwenye kibanda ahitaji maneno ya kuipimia.

Haya ni mapendekezo. Vijana wa vibandani bila shaka wana maneno yao, na kanuni yetu ni kuanza na neno lililo hai kabla ya kuunda jingine. Walimu wa Tunduma na kwingineko wanaombwa kuyakusanya maneno hayo, pamoja na maana zake, na kuyaleta yajadiliwe.