Morrowind: mchezo wa 2002 unaokulazimisha kusoma ardhi kwanza

Mara mingi hapa tunaongea kazi, masomo na politike. Leo naleta mchezo wa ordinatere, na tafadhali msicheke mbele ya kusoma. Unaitwa The Elder Scrolls III: Morrowind. Kampuni ya Marekani, Bethesda, iliutoa mwezi wa 5 mwaka 2002. Kisha nyongeza mbili zikafuata: Tribunal mwezi wa 11 mwaka uleule, na Bloodmoon mwezi wa 6 mwaka 2003. Miaka zaidi ya makumi mbili imepita na watu bado wanaucheza. Juu ya nini? Nitajaribu kueleza.

Unaanza kama mfungwa. Meli inakushusha Seyda Neen, kijiji kidogo ku kisiwa cha Vvardenfell. Wanaandika jina lako ku biro ya sensa na kodi, wanakupa kifurushi cha kupeleka mji wa Balmora kwa mzee mmoja anaitwa Caius Cosades, wanakufungulia mlango. Basi. Hakuna mshale wa kukuongoza. Watu njo wanakuambia: fuata barabara, pita daraja, geuka upande wa mlima. Maneno yao yanaandikwa ndani ya daftari yako. Ukiyasoma haraka haraka, unapotea. Mshale ungekupeleka hata macho ikiwa imefungwa, mais hapa lazima uangalie fasi uko unakanyaga.

Na ile fasi iko na akili. Kama mtu wa agronomia, hapa njo nilianza kuheshimu wale walioutengeneza. Katikati ya kisiwa kuna volkano, Red Mountain. Karibu yake kila kitu kimefunikwa na majivu, kunaota tu mimea migumu kama trama na scathecraw. Pwani ya magharibi, Bitter Coast, ni matope na uyoga. Upande wa kusini, Ascadian Isles, kuna maji na udongo mzuri, pale wanalima saltrice. Mashariki, Grazelands, ni majani ya malisho na nafaka ya wickwheat. Mimea haikutupwa ovyo. Ukiona kinachoota, unajua uko wapi.

Dawa nazo ni vilevile. Mmea mmoja unaweza kuwa na nguvu mpaka 4, lakini mwanzoni hauzioni. Kadiri ujuzi wako wa dawa unapanda, zinajionyesha moja moja. Ujuzi zote ni 27, na kila moja inapanda ukiitumia ao ukilipa mwalimu. Chukua marshmerrow ya kusini, changanya na wickwheat ya mashariki, unapata dawa ya kuponya vidonda. Donc anayetembea sana na kuangalia sana anapona zaidi kuliko mwenye upanga mkubwa tu.

Mfano mwingine. Chakula kikubwa cha kisiwa ni mayai ya kwama, mdudu wa chini ya ardhi. Wanayatoa ndani ya migodi, sawa watu wanatoa madini. Mgodi unaishi juu ya malkia anayezaa. Kule Gnisis malkia ameshikwa na ugonjwa unaotoka upande wa volkano, na mkubwa wa jeshi anakutuma. Kazi si kumuua. Kazi ni kumponya. Mchezaji aliyezoea kupiga kila mnyama anasimama hapo akijiuliza. Bila malkia hakuna mayai, na bila mayai kijiji kitaishi na nini?

Ule udongo mzuri wa kusini nao uko na bei. Ku shamba kubwa la saltrice la tajiri Orvas Dren, wanaofanya kazi ni watumwa. Ufalme umekataza utumwa fasi zingine, mais Morrowind iliacha uendelee kwa sheria yake. Hakuna anayekulazimisha kufanya kitu. Unaweza kupita tu. Unaweza pia kutafuta ufunguo na kufungua minyororo yao.

Sasa tuingie ku roho ya hadithi. Zamani kulikuwa kiongozi, Nerevar. Alikufa namna gani? Hekalu inasema alikufa juu ya vidonda vya vita ya Red Mountain, na wenzake watatu, Almalexia, Sotha Sil na Vivec, wakawa miungu. Watu wa jangwa la majivu, wenye kuishi ndani ya mahema, wanasema wale watatu njo walimuua. Mapadri fulani waliofukuzwa wanaficha vitabu vilivyokatazwa, na Vivec mwenyewe ana maelezo yake. Wewe unaambiwa kuwa ni Nerevar aliyezaliwa tena. Kesi ni yako kabisa! Lakini mchezo haukupi jibu la mwisho. Unapewa mashahidi, na kila shahidi yuko na faida yake.

Tribunal inaendelea na kesi hiyo. Inakupeleka Mournhold, mji wa Almalexia, ndani ya kuta. Nguvu zake zinapungua na hakubali. Mwishoni unagundua alimuua Sotha Sil, mwenzake, huku akidanganya waumini wake. Kwangu ni nyongeza nyembamba zaidi, juu ule mji umefungwa na raha ya kutembea mbali inapotea. Mais sijaona mchezo mwingine unaoonyesha vizuri hivi mkubwa anayeogopa kuacha kiti.

Bloodmoon ni kinyume. Ni kisiwa cha teluji, Solstheim, na watu-mbwa-mwitu. Hata wewe unaweza kugeuka mmoja wao. Kuna kabila la Skaal, wawindaji wanaoamini kwamba mtu na ardhi vinapaswa kubaki katika usawa. Na kwenye kisiwa hichohicho kampuni inafungua mgodi, Raven Rock. Unasaidia kuujenga toka vibanda vya kwanza, na unachagua upande: Falco Galenus anayesimamia kazi mgodini, ao Carnius Magius, mkubwa anayekula pembeni. Sisi wa Congo, ukituambia mgodi, kampuni na wenyeji, sidhani tunahitaji maelezo mingi.

Kasoro ziko. Mwanzoni unatembea polepole sana. Upanga unagusa adui, halafu hesabu inasema umekosa. Wale ndege wanaitwa cliff racer watakuchosha. Na ukiua mtu wa lazima, mchezo unakuonya kwamba umeharibu njia ya hadithi, kisha unakuacha uendelee kuishi ndani ya dunia uliyoiharibu.

Umedumu pia kwa sababu moja rahisi: toleo la ordinatere lilikuja na chombo kilekile cha kutengenezea dunia. Kundi la Tamriel Rebuilt mpaka leo wanaongeza nchi ya ngambo ya kisiwa, bila kulipwa.

Tulio na licence, mara mingi tunafika mukini na jibu tayari mfukoni. Ukifika Vvardenfell hivyo, hautamaliza siku ya kwanza. Unauliza njia, unaangalia kinachoota, unauliza tena mtu mwingine.