Kilomita 10 kabla ya "bei inbox"

Saa kumi na moja alfajiri Kivaa bado ni giza. Nafunga kamba za viatu nikiwa nimekaa mlangoni kwa susu, na simu tayari inamulika: "Boss, ile posti ya mabati inatoka saa ngapi?" Namjibu saa moja kamili. Halafu natoka, kwa sababu huku ukingoja saa mbili utakimbia umebeba jua mgongoni kama mzigo wa kuni.

Mimi si mwanariadha wa kambi. Sina kocha, sina meneja, na muda wangu bora wa kilomita 10 ni dakika 44 na ushee, muda ambao mabingwa wa Iten wangeuita matembezi. Kinacholipa bili ni simu. Chuo kiliniishia mwaka wa pili karo ilipokatika, nikarudi nyumbani na ujuzi mmoja tu ambao hakuna mwalimu alinifundisha: kuandika maneno matatu chini ya picha mpaka mtu aulize bei. Sasa naendesha kurasa za Facebook na TikTok za biashara kadhaa kati ya hapa, Masinga na Matuu. Mabati, saluni, mbegu za ndengu, viatu vya mitumba.

Watu wakisikia mkimbiaji Mkenya, akili inaenda Iten, mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Sisi tuko chini. Bwawa la Masinga likijaa kabisa, maji yake hufika mita 1,056. Kwa hivyo hewa tunayo, baridi ndio hatuna. Lakini usidhani Ukambani ni wa kuchezewa kwa mbio. Cosmas Ndeti wa Machakos alishinda Boston mara tatu mfululizo, 1993 hadi 1995. Benson Masya alishinda nusu marathoni ya dunia ya kwanza kabisa, Newcastle, 1992. Patrick Makau alivunja rekodi ya dunia ya marathoni pale Berlin mwaka 2011, saa 2:03:38, rekodi iliyokuwa ya Haile Gebrselassie. Nikiwataja hawa stejini, vijana wa boda wananiuliza wanachezea timu gani.

Njia yangu ni rahisi. Nashika lami inayoelekea Kangonde, nahesabu kilomita 5, nageuka. Hatari si mbwa, ni pikapu za muguka kutoka upande wa Mbeere, ambazo madereva wake nadhani walisahau breki ziko upande gani. Ukisikia ile injini, unaruka kichakani kwanza, saa utasimamisha ukishapona.

Nikirudi, kazi inaanza kabla jasho halijakauka. Mteja wa mabati anataka picha ya gari likipakia. Wa saluni anataka video fupi yenye muziki. Kazi hii ukiiangalia kwa mbali ni kubofya tu, lakini kuna hesabu ndani yake. Ukilipia tangazo la shilingi 500 na uache Kenya nzima, zitaliwa na watu wa Kisumu na Nairobi ambao watakupa "like" na hawatawahi kununua bati Masinga. Inabidi ukaze duara: Matuu, Masinga, Embu, basi. Halafu uwe macho kujibu. Mtu akiuliza bei saa mbili usiku na ujibu asubuhi, ameshanunua kwingine. Na stima ikipotea, ambayo inapotea ilhali tuko katikati ya mabwawa (Kamburu inazalisha umeme tangu 1974, Masinga tangu 1981), natembea na chaja hadi kwa kinyozi mwenye sola.

Nakiri pia kwamba kazi hii imenifundisha uongo mdogo mdogo. Kuna duka nililolitangaza kwa picha ya duka lingine kabisa, niliyoitoa mtandaoni, kwa sababu la kwetu lilikuwa na rafu mbili na paka. Nimeshaandika "zimebaki 3 tu" wakati stoo imejaa. Mteja alifurahi, mimi nikalala vizuri.

Ndiyo maana mwaka jana, mteja mmoja aliponiletea mkebe wa poda, hakuona shida yoyote. Alikuwa akinilipa 6,000 kwa mwezi, na kwa hii poda aliongeza 15,000 kwa video tatu. Nilitakiwa nimalize mbio, uso ukiwa bado na jasho, nishike mkebe na niseme hiyo ndiyo siri yangu. Halafu akasema, "Na huo muda wako wa 44 weka 38 bana. Nani atapima?"

15,000 ni pesa. Kodi ya kibanda ninachofanyia kazi sokoni, bando ya mwezi, na viatu vipya, vyote vinaingia humo na chenji inarudi. Nikageuza mkebe kusoma kilichomo. Hakuna orodha ya viungo. Hakuna jina la kiwanda. Nikauliza, nikaambiwa "ni mitishamba tu."

Hapo ndipo nilikwama. Kenya ina sheria ya kupambana na dawa za kusisimua misuli tangu 2016 na wakala wa kuisimamia, ADAK, na kanuni ya mchezo haianzi kwa kukuuliza kama ulijua. Kilichopatikana mwilini mwako ni chako, ujieleze baadaye. Huyo huyo Ndeti wetu, akiwa kijana mwaka 1988, alimaliza wa pili kwenye mbio za nyika za dunia za chipukizi kule Auckland, kisha akaondolewa kwenye matokeo kwa sababu ya ephedrine, kitu ambacho kimekuwa kwenye dawa za kawaida za mafua. Na Oktoba 2025 Ruth Chepng'etich, mwanamke wa kwanza kukimbia marathoni chini ya saa 2:10, alifungiwa miaka mitatu. Moja ya maelezo aliyowapa wachunguzi ni kwamba alimeza dawa ya mfanyakazi wake wa nyumbani. Kama bingwa wa kiwango hicho anaweza kuanguka kwa kilichopita mdomoni mwake, mimi ni nani nimwambie kijana anywe kitu ambacho hata aliyeniletea hajui ni nini?

Nikamwambia mteja nitatangaza mabuti yake, sabuni zake, chochote, poda hapana. Hakubishana. Asubuhi iliyofuata nilitoka mbio kama kawaida, na niliporudi nikakuta nimetolewa kwenye ukurasa wake. Miaka miwili ya kazi, wafuasi niliowatafuta mmoja mmoja, nenosiri limebadilishwa nikiwa kilomita ya 7. Mwezi huo kodi nilikopa kwa susu, ambaye alinipa akiuliza kama hiyo kazi ya simu ni kazi kweli.

Poda ilipata mtu mwingine. Jamaa mwenye kifua, ambaye sijawahi kumwona akikimbia hata kushika matatu. Video ilitembea vibaya sana, na chini yake maswali ni yale yale: "Bei?" "Bei boss?" Na majibu ni yale yale: "Inbox."

Nikishuka kwenye maoni nikakuta jina ninalolijua. Ni dogo wa sekondari anayekimbiza timu ya shule, ambaye Jumamosi hunisubiri kwenye lami tukimbie pamoja. Ameuliza bei kama wengine.

Jumamosi nikamuuliza. Akasema alikuwa ameshaweka akiba, alibakisha mia nne tu. Nikamweleza ya ule mkebe, jinsi hauna orodha ya viungo, nikamweleza ya 1988. Akasikiliza kwa adabu ile ya kijana anayekusubiri umalize.

"Kwa hivyo wewe kaka unatumia nini?"

"Muthokoi."

Akacheka. "Na ndiyo maana uko 44."

Sikuwa na jibu. Tulianza taratibu, tukageuka pale kilomita ya 5, jua likaanza kupanda upande wa bwawa. Kilomita ya 8 aliangalia nyuma mara moja, akaniacha. Nilimkuta sokoni ameketi kwenye kreti ya soda, jasho limeshakauka, anakula mandazi. Saa yangu ilisema 45:12. Yeye hana saa. Na sijui kama ile mia nne ameshaipata, hakuniambia na sikumuuliza tena.

Simu ilikuwa na ujumbe tatu, zote za mabati.